Kusomea malezi ya watoto na vijana Kanada: niulize nini kabla ya kuomba nafasi?

Mwanagenzi

Salaam wanajamvi. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika makao ya watoto, zaidi na vijana waliofikia umri wa balehe, na sasa nakusudia kuisomea kazi hii rasmi. Kanada imenivutia kwa sababu huko malezi ya watoto na vijana ni fani inayojitegemea, yenye stashahada na shahada zake, wala si somo moja lililofichwa ndani ya ustawi wa jamii. Hata hivyo, kila ninaposoma maelezo ya vyuo naona yanasifu zaidi kuliko yanavyofafanua. Naomba wenye uzoefu wanisaidie: je, nianze na stashahada au niende moja kwa moja kwenye shahada? Mafunzo kwa vitendo yanamdai nini mwanafunzi anayetoka nje? Na je, cheti hicho kitaniruhusu kufanya kazi huko baada ya kuhitimu?

Mkufunzi wa Zamani

Ndugu Mwanagenzi, kwanza hakikisha kwamba kozi unayoiangalia ndiyo hasa unayoitaka. Waombaji wengi huchanganya fani hii na elimu ya awali ya watoto wadogo, kwa kuwa majina yanakaribiana, ilhali kazi zenyewe ni tofauti kabisa. Anayesomea elimu ya awali huandaliwa kufundisha na kuwalea watoto ambao hawajaanza shule, na katika jimbo la Ontario haruhusiwi kutumia cheo cha mwalimu wa elimu ya awali bila kusajiliwa na chombo cha kitaaluma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Wewe uliyezoea vijana utajikuta umekaa mahali pasipo pako. Malezi ya watoto na vijana yanahusu watoto na vijana waliokumbwa na misukosuko: walioondolewa nyumbani kwa ajili ya usalama wao, walio katika nyumba za malezi, wanaotibiwa matatizo ya afya ya akili, na wanaohitaji msaada wa karibu shuleni ili wasiache masomo.

Kuhusu ngazi, stashahada ya Ontario kwa kawaida huchukua miaka mitatu, ingawa katika baadhi ya majimbo mengine ipo ya miaka miwili. Shahada ya miaka minne hutolewa na vyuo vikuu vichache, vikiwemo University of Victoria, Toronto Metropolitan University (kilichokuwa kikiitwa Ryerson hadi 2022) na MacEwan University cha Edmonton. Mwenye stashahada huweza kujiunga na shahada akiwa amehesabiwa baadhi ya masomo aliyokwisha kuyapita, lakini kila chuo kina utaratibu wake, na ni vyema uuombe kwa maandishi kabla ya kulipa ada yoyote.

Jambo ambalo ningelipa uzito kuliko jina la chuo ni mafunzo kwa vitendo. Nguzo ya fani hii ni kwamba kijana husaidiwa mahali anapoishi maisha yake ya kila siku, yaani mezani wakati wa chakula, katika ugomvi wa usiku na njiani kuelekea shule, wala si ofisini kwa miadi ya saa moja. Ustadi huo haupatikani kwa kusoma tu. Basi mwulize mratibu wa kozi ni nani anayemtafutia mwanafunzi kituo cha mafunzo, ni nani anayemsimamia akiwa humo, na ni jambo gani hufanyika mwanafunzi akikosa nafasi. Chuo kinachojibu maswali hayo kwa ufasaha kimekwisha kukueleza mengi juu yake chenyewe.

Karani wa Vibali

Naongezea upande wa nyaraka, kwa kuwa hapo ndipo mipango mingi mizuri hukwama.

Mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu ya lazima ya kozi huhesabiwa na idara ya uhamiaji kuwa kazi, hata kama hulipwi senti moja, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba hali yako ya kisheria inayaruhusu. Zaidi ya hapo, kazi inayomweka mtu karibu na watoto hudai uchunguzi wa afya unaofanywa na daktari aliyeidhinishwa na idara hiyo. Asiyeupitia huweza kupewa kibali chenye sharti linalomzuia kufanya kazi na watoto, na sharti hilo kwa mwanafunzi wa fani hii ni sawa na kufungiwa mlango wa darasa. Vituo navyo hudai uthibitisho wa polisi kwamba huna rekodi ya makosa yanayowahatarisha watoto, pamoja na chanjo na mafunzo ya huduma ya kwanza. Kwa kuwa umeishi nje ya Kanada, beba cheti cha polisi cha nchi ulikoishi, maana kukifuatilia ukiwa mbali huchosha.

Kuhusu fedha, tangu tarehe 1 Septemba 2025 mwombaji asiye na familia anayekwenda nje ya jimbo la Quebec anatakiwa aonyeshe dola za Kanada 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Hadi mwisho wa 2023 kiasi hicho kilikuwa 10,000, kwa hiyo usitegemee ushauri wa aliyekwenda zamani, hata akiwa ndugu yako wa damu. Tangu Januari 2024 waombaji wengi, wakiwemo wa stashahada na shahada ya kwanza, hudaiwa pia barua ya uthibitisho ya jimbo, yaani inayothibitisha kwamba jimbo limemhesabu katika nafasi zake. Na kama una mwenzi, fahamu kwamba tangu Machi 2024 mwenzi wa mwanafunzi wa stashahada hapati tena kibali cha wazi cha kazi, yaani kisichomfunga kwa mwajiri mmoja, kwa sababu tu ya masomo ya mwenzake.

Swali lako la kazi baada ya kuhitimu ndilo linaloweza kuamua kati ya stashahada na shahada. Kwa walioomba kibali cha kusoma kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, mhitimu wa stashahada hupata kibali cha kazi baada ya masomo iwapo tu fani yake imo katika orodha maalumu ya serikali, ilhali mhitimu wa shahada hafungwi na orodha hiyo. Orodha hupangwa kwa namba za utambulisho wa kozi, si kwa majina yake, na imebadilishwa zaidi ya mara moja. Kiombe chuo namba ya kozi yako, kisha uitafute mwenyewe katika tovuti ya serikali. Usimwachie wakala kazi hiyo. Wakala hulipwa ukijiunga, halipwi chochote ukihitimu na kukosa kibali.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku

Wenzangu wamesema vizuri kuhusu karatasi. Mimi nitasema juu ya watoto wenyewe.

Huwezi kufanya kazi hii Kanada bila kuijua historia ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kwa zaidi ya karne moja watoto wao walichukuliwa na kupelekwa shule za bweni zilizokusudiwa kuwaondolea lugha na utamaduni, na ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo, ilipotoa miito yake 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, mitano ya kwanza ilihusu ustawi wa watoto. Katika sensa ya 2021, watoto wa wenyeji wa asili walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wenye umri chini ya miaka 15, lakini walikuwa asilimia 53.8 ya wale walio katika malezi ya kambo, yaani waliokabidhiwa kwa familia za walezi. Kwa hiyo kijana atakayekukazia macho bila kukujibu huenda ana sababu iliyoanza kabla ya bibi yake kuzaliwa, nawe utakuwa mgeni unayewakilisha mfumo anaouogopa.

Lipo pia suala la kutoa taarifa. Ontario, mtu mwenye sababu za msingi za kushuku kwamba mtoto anadhulumiwa anapaswa kuitaarifu jumuiya ya ulinzi wa watoto yeye mwenyewe, mara moja; kumwambia msimamizi wake tu hakutoshi. Aliyezoea kupeleka jambo kwa mkuu wake na kungoja atahitaji kujizoeza upya.

Mwanagenzi

Nawashukuru nyote, naona sasa kwamba shahada inanifaa zaidi, ingawa ni ndefu. Nina swali moja lililobaki. Nimesoma kwamba mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo kwa saa 24 kwa wiki wakati wa muhula. Je, saa za mafunzo kwa vitendo zinahesabiwa humo?

Karani wa Vibali

Hapana, ndugu. Mafunzo yaliyo sehemu ya kozi, yakiwa yameruhusiwa ipasavyo, hayaingii katika saa 24 hizo. Lakini katika bajeti yako usiuhesabu mshahara wa saa hizo kwa mihula ya mafunzo, kwa sababu kituo hukupangia zamu kadiri ya mahitaji ya watoto, pengine jioni na mwishoni mwa juma, ambao ndio muda uleule ambao waajiri wa wanafunzi huutaka.