Mama kavunjika mkono kazini, wanasema ni mifupa ya uzee

Binti Muheza:
Wakuu, habarini. Mama yangu ana miaka 57, yupo shamba la mkonge huku Muheza, upande wa korona, yaani kiwanda cha mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Juzi kati alikuwa anapeleka singa (nyuzi za mkonge) mbichi kuanikwa, akateleza kwenye sakafu iliyolowa maji ya mashine, akaangukia kiganja. Mfupa umevunjika juu kidogo ya kifundo, kafungwa hogo (plasta ngumu). Kwenye fomu daktari kaandika mstari mmoja tu: "mifupa ya uzee". Sasa karani anasema fidia hakuna, eti mzima asingevunjika kwa kuteleza. Mama huyu kabeba singa miaka nenda rudi, hajawahi kulalamikia mkono! Kweli hana haki?

Tabibu wa Pongwe:
Mpe pole mama. Mafaili ya namna hii nayaona, na yananiudhi. Mifupa yake inaweza kuwa dhaifu kweli, maana mwanamke akishakoma hedhi mifupa hupungua kwa kasi. Lakini bila kuteleza pale, mkono ungevunjika siku ile? Daktari alipaswa kujibu hilo kwanza. Kiasi cha ulemavu kinapimwa baadaye, mkono ukishapona hadi mwisho wake. Hapo daktari akisema sehemu fulani ya ulemavu imetokana na umri, aeleze imetokanaje.

Halafu uliza walipima nini. Eksirei haitoshi: huonyesha mfupa uliokonda baada ya karibu theluthi ya madini kupotea. Kipimo cha osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kudhoofika) ni DEXA, eksirei maalumu inayopima madini ya mfupa, ya nyonga na uti wa mgongo, na ugonjwa huhesabika upo alama yake (T-score) ikiwa -2.5 au chini yake. Fidia ipatikane isipatikane, mama apimwe. Aliyevunjika mkono kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, nyonga nayo iko hatarini.

Katibu Mstaafu:
Mwanangu, karani hana mamlaka hayo. Anayeamua ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri kazi yake kutoa taarifa. Akikaa kimya, pelekeni wenyewe, miezi 12 isipite tangu ajali. Mchango wa Mfuko hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara, kwa hiyo mama asijione anaomba hisani. Andikeni leo majina ya waliomwona akianguka.

Binti Muheza:
Shikamoo mzee, asanteni wote. Alipigwa eksirei peke yake. Wenzake wa zamu wamekubali kuandika, na kesho nafuata nakala ya fomu.