Mjadala: Nyumba ya kupangisha ikiungua, au ukuta wake ukimwangukia jirani, nani alipe?

Ndugu wasomaji, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (RDC), wenye nyumba wengi wanashikilia kwamba mpangaji akishakabidhiwa ufunguo, kila kitakachoharibika kiko juu yake, na kwamba garanti, yaani fedha ya dhamana aliyoitoa alipoingia, ipo kwa ajili hiyo. Mimi pia ni mwenye nyumba, nami ninaipinga hoja hiyo.

Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza garanti ya nyumba ya kuishi kuzidi kodi ya miezi 3. Fedha hiyo hutosha kubadilisha kitasa, vioo au mlango uliovunjwa. Haijengi upya nyumba ya mbao iliyoungua hapa mjini, katika komini ya Kadutu, wala haimlipi jirani ambaye paa lake limeshika moto uleule. Ni kweli kwamba mpangaji huwajibika kwa uharibifu uliotokea akiwa anaishi humo, asipothibitisha kuwa si kosa lake, na aliyelala akiacha mbabula (jiko la makaa) inawaka hana pa kujificha. Lakini ikiwa moto umetoka kwenye waya chakavu ambazo mwenye nyumba alizikuta, akazipaka rangi na kuzipangisha, kosa la mpangaji liko wapi? Na bila hati ya hali ya nyumba iliyotiwa sahihi na wote wawili siku ya kuingia, kila mmoja atasema lake.

Kuhusu kuta, sioni nafasi kubwa ya ubishi. Dekreti (amri ya serikali) ya tarehe 30 Julai 1888 inamtwika mwenye jengo madhara ya kuanguka kwake, iwapo chanzo ni kukosa matunzo au kasoro ya ujenzi. Sisi tunaojenga kwenye miteremko, maji ya mvua yakipita chini ya misingi yetu, tunajua vizuri nyufa zilianza lini. Hata tetemeko kama lile la tarehe 3 Februari 2008 halimwokoi moja kwa moja mtu ambaye ukuta wake ulikuwa umeinama tangu zamani.

Kwa hiyo ninapendekeza bima ya jengo na ya madhara kwa majirani ilipwe na mwenye nyumba, akiihesabu ndani ya kodi, naye mpangaji abebe ya vyombo vyake. Tangu sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kuna kampuni zaidi ya moja za kuulizia bei.

Jibu la msomaji: Mzee, kwa heshima zote, umewasahau wapangaji wanaowaungia umeme wenzao bila kumwarifu mwenye nyumba, kisha nyumba ikiungua wanahama usiku. Huyo nimtafute wapi?

Mwenye hoja: Ndugu yangu, huyo ana kosa, hata akihama. Ila jirani aliyeunguliwa atabisha hodi kwako, maana wewe ndiye anayekufahamu. Ndiyo sababu ninataka bima. Linalonitatiza ni jingine: mpangaji akivuta waya mpya kwa ruhusa ya mdomo tu ya mwenye nyumba, mzigo ugawanywe vipi?