Tupeane uzoefu: maji yamekufanya nini tangu mvua zibadilike?

Wakuu, habari za leo. Niko Kimara, Dar. Mwishoni mwa 2022 kina cha mto Ruvu kilishuka, tukaingia kwenye mgao, dumu la maji likawa la kugombania. Mwaka uliofuata, mvua za El Niño zikaangusha ukuta wa jirani na kujaza tope kisima chetu. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo jua linakausha upesi, na mvua ikija inamwagika kwa mkupuo. Ulipo umeona nini, na umebadilisha nini?

Mdau wa Rufiji:
Mkuu, kwetu mafuriko si mgeni. Wazee walilima mlao: maji yakipungua, unapanda mahindi kwenye tope. Walijenga na madungu ya kulala juu huko shambani. Maji yalipanda taratibu, unapata muda wa kuhamisha kuku na mbegu. Aprili 2024 hayakutupa muda huo. Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke. Asubuhi tuliyaona, jioni mitumbwi inapita juu yake. Niliumia sana. Mbegu nilizopandisha darini ndizo zilizopona, na tangu hapo siweki zote nyumba moja. Nusu anazo dada yangu, kijiji cha mwinuko.

Mfugaji, Garissa:
Sisi tulikosa mvua misimu 5 mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020. Ng'ombe wakaisha, tukabaki na mbuzi wachache. Novemba 2023 ikanyesha kupita kiasi. Ardhi ilishakuwa ngumu, maji hayazami, yanakimbilia mabondeni, na ndiko mbuzi walikokuwa. Sasa hawalali tena kwenye lagha, yaani mkondo wa mto uliokauka, hata mbingu ikiwa nyeupe, kwa sababu maji huja na mvua iliyonyesha mbali.

Mama wa Kisumu:
Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka rekodi ya 1964. Kwetu maji yaliingia kwenye choo cha shimo, na kisima kiko hapo hapo karibu. Watoto waliharisha. Hadi leo nachemsha ya kunywa yote.

Mwanzisha mada:
Poleni sana wote. Ndugu wa Rufiji, hizo mbegu ulizihifadhi kwenye nini?

Mdau wa Rufiji:
Dumu kavu lenye mfuniko unaobana, nikachanganya na majivu. Gunia usithubutu, linanyonya unyevu hata darini.