Eagles kumwachia Milton Williams: akili au ubahili?

Mtani_wa_Philly: Wadau tuseme ukweli. Super Bowl ya Februari 2025, fainali ya NFL (futiboli ya Marekani), sisi Eagles wa Philadelphia tulimwangusha Mahomes, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) wa Chiefs, mara 6, Chiefs wakala 40-22. Mwezi mmoja baadaye Williams, mlinzi wetu wa safu ya mbele, huyoo Patriots, dola milioni 104 miaka 4, na walinzi wenzake nao: Sweat kaenda Arizona, Graham kastaafu. Nani anaziba?

Bi_Nyanza: Kaka acha kulia. Hargrave wa safu hiyo hiyo alipoenda 49ers 2023 mlilia hivi hivi, drafti (timu kuchagua wachezaji chipukizi) ikamleta Jalen Carter. Mishahara ina kikomo, huwezi kumlipa kila mtu.

Damu_ya_Dallas: Carter yupi, huyu wa mate?? Mechi ya kwanza ya msimu wa 2025, sekunde 6, hata difensi haijacheza mpira mmoja kashatolewa kwa kumtemea Prescott, kwotabeki wetu wa Dallas 😂

Bi_Nyanza: Nyie Dallas mliomtoa mlinzi wenu nyota Micah Parsons kwa Green Bay wiki moja kabla ya ligi ndo mna mdomo wa kuongelea mapengo ya watu?

Damu_ya_Dallas: Tulipewa mlinzi Kenny Clark na chaguo 2 za raundi ya kwanza ya drafti. Nyie mlipewa mate.

Kipara_Ngoto: Prescott ndo alianza kutema, video si ipo

Damu_ya_Dallas: Alitema CHINI. Nyasi ni mtu?

Kipara_Ngoto: Mtu akikutazama usoni halafu akatema chini kashakutukana huyo, kwani wewe umelelewa wapi ndugu yangu, kwetu hapo hata wazee wanaitwa

Damu_ya_Dallas: Wewe tulia, shabiki wa Eagles tangu lini? Julai mwaka jana kwenye nyama choma ulikuja na jezi ya Chiefs, picha ninayo.

Kipara_Ngoto: Ile alinizawadia shemeji!! Usinivunjie heshima kwa nguo ya kupewa

Mtani_wa_Philly: Jamani niliuliza nafasi ya Williams 😩

Bi_Nyanza: Jordan Davis. Hukumwona alivyozuia kiki ya Rams ya mwisho, akaokota mpira akakimbia nao mwenyewe mpaka mstari wa mwisho akafunga tachidauni, lijitu kama friji la duka? Eagles wakashinda 33-26.

Damu_ya_Dallas: Kuzuia kiki si kumwangusha kwotabeki dada. Kama mko vizuri mbona Oktoba 2025 mlimfuata Graham nyumbani, mstaafu wa misimu 15?

Bi_Nyanza: Mzee kakumbuka kazi, wewe inakuuma nini.

Kipara_Ngoto: Mi nauliza tu Damu, picha ya jezi yangu umeitunza mwaka mzima ya nini?