MJADALA: Mfugaji apunguze mifugo kwanza, au ahakikishiwe malisho kwanza?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naomba tuujadili kwa utulivu usemi ambao nchini Tanzania umekuwa wimbo wa kila kiangazi, kwamba wafugaji wa asili "wavune" mifugo yao, wabaki na michache yenye tija, watulie mahali pamoja, na migogoro yao na wakulima na hifadhi itakwisha. Wanaousema hawana nia mbaya, na takwimu wanazozishika ni za kweli: nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, wengi wao wa asili, na ng'ombe huyo hutoa maziwa machache akilinganishwa na wa kisasa. Ninachopinga ni mpangilio wa hatua. Idadi ya ng'ombe ni jibu ambalo mfugaji amelitoa kwa hali anayoishi nayo, na hali hiyo isipoguswa, atalirudia jibu lilelile hata tukilipiga marufuku.

Chukueni familia mbili katika nyanda kavu za Longido au Simanjiro, ambako mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa kata na kuuruka upande wa pili. Ya kwanza ina ng'ombe 10, ya pili ina 100. Tuseme ukame umechukua nusu ya kila kundi. Familia ya kwanza inabaki na watano, pengine wawili tu wakiwa wanakamuliwa, na hapo imekwisha kutoka katika ufugaji. Ya pili ina 50 na inaanza upya. Ng'ombe wa asili huzaa takribani kila baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, nusu ya ndama ni madume, na mtamba huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kwa hiyo aliyebaki na watano hawezi kurudi alikokuwa kabla ukame mwingine haujafika. Walioona mizoga ya mwaka 2009, au ile ya Simanjiro mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, hawahitaji kufundishwa hesabu hii. Kundi kubwa ni bima ya mtu ambaye hana bima nyingine.

Huambiwa basi auze mapema. Ushauri huo una busara, lakini mfugaji hajui mwezi wa pili kwamba mvua ya mwezi wa nne haitakuja, na ikishajulikana kwamba haiji, kila mtu anapeleka ng'ombe mnadani wiki ileile, wamekonda, bei inaporomoka, huku bei ya mahindi ikipanda. Anayeuza wakati huo hubadilisha ng'ombe mzima kwa magunia machache.

Hapo ndipo kuhama kunapopata maana. Kuhamahama si kutangatanga. Ni utaratibu wa kutumia mbuga za masika wakati wa masika, ambapo maji yamesambaa, na kuziacha sehemu za mabonde na mito zipumzike hadi kiangazi. Wamaasai hutenga alalili, yaani malisho ya akiba kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi, na ngitili hizo ndizo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulizozifufua kuanzia mwaka 1986, hadi mamia ya maelfu ya hekta zikarudisha miti na nyasi katika mkoa ambao ulikuwa ukiitwa jangwa. Nyasi zilizoachwa ni ghala. Mwenye kulitazama ghala hilo mwezi wa tatu, likiwa halina ng'ombe hata mmoja, huliona kuwa pori tupu.

Na sheria zetu zimemsaidia kukosea. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inajumuisha na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, iliyopitishwa mwaka huohuo, haina maneno hayo. Kwa mkulima tofauti hiyo ni ya wanasheria, kwa kuwa shamba lake lina mabua ya kuonyesha. Kwa mfugaji ni suala la kufa na kupona, kwa sababu ardhi yake bora zaidi ni ile inayoonekana haitumiki kwa nusu ya mwaka. Ndiyo iliyo rahisi kuipima, kuigawa na kumpa mwekezaji, au kuigeuza hifadhi, na mara inapoondoka, mbuga za masika zilizobaki, hata ziwe kubwa kiasi gani, hazimfikishi popote kiangazi kikiingia.

Historia ya jambo hili ni ndefu, nami nitataja mahali pawili tu. Katika miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya shirika la umma yalichukua takribani ekari 100,000 huko Basotu, Hanang, na kwa Wabarabaig, wafugaji wa huko, ekari hizo hazikuwa sehemu yoyote tu ya wilaya. Zilikuwa na malisho yenye rutuba kuliko mengine, ambayo mzunguko mzima uliyategemea. Kisha mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu na eneo oevu la Ihefu kwa hoja kwamba ng'ombe wao ndio waliokausha Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wengi walielekezwa Lindi na Pwani, ng'ombe wakafa njiani, na mto ukaendelea kukauka, kwa kuwa maji mengi ya kiangazi huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Ng'ombe wa Usangu walipunguzwa kweli. Naomba anayeshikilia hoja ya kupunguza kwanza atueleze ni tatizo gani lililokwisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kuamka alfajiri akakuta ekari tatu za mahindi zimebaki mabua. Mimi ni mkulima wa Kilosa. Hapa kwetu hatuhitaji kukumbushwa Desemba 2000, watu 38 walipouawa Rudewa Mbuyuni, na tangu wakati huo tumezika wengine, wa pande zote mbili, sikatai. Unasema kuhama ni utaratibu, nami nakubali kwamba ulikuwa utaratibu ulipokuwa na nafasi. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 Tanzania Bara na Visiwani. Ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Njia aliyopita babu wa mfugaji leo ina kitongoji, shule na mashamba ya watu waliogawiwa na serikali ya kijiji kwa halali. Huwezi kuuita mzunguko kitu ambacho lazima kipite juu ya chakula cha mwenzako.

Jambo la pili umelikwepa kabisa. Ng'ombe mia nne wanaoingia bondeni si wa familia masikini unayoihesabia bima. Aghalabu anayewaswaga ni kijana aliyeajiriwa kwa ujira mdogo, na mwenye mali ni mfanyabiashara au mtumishi anayeishi mjini. Huyo hana alalili wala ngitili, hamjui mzee yeyote wa kimila, na akipigwa faini anailipa kwa simu. Pendekezo langu ni wazi: kila mfugaji apimiwe eneo lake, apewe hati, aambiwe eneo hilo linatosha ng'ombe kadhaa, na anayezidisha awajibishwe. Mkulima anaishi ndani ya mipaka yake. Kwa nini mwenzake asiweze?

Mchangiaji wa pili:

Nimezaliwa na kuolewa katika boma la wafugaji, na nimewasoma wote wawili. Mnazungumza juu ya ng'ombe kana kwamba ng'ombe ni kichwa kimoja chenye bei. Kwetu dume ni fedha ya mwanamume, lakini maziwa ni ya mama: ndiyo anayowanywesha watoto, na yanayobaki ndiyo anayouza bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku mzee anaposhauriwa kuvuna mifugo, anauza, fedha inaingia mfukoni mwake, na mama anabaki na kibuyu kikavu. Vivyo hivyo na hizo hati mnazozipendekeza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake watatu, na inabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, lakini mkutano wa malisho hufanyika chini ya mti ambao sisi hatualikwi. Mkijadili nani awe na uamuzi juu ya malisho, semeni na hilo.

Mleta mada:

Nawashukuru wote wawili, na nianze na dada yetu, kwa kuwa amenikosoa mahali nilipokosea. Hesabu yangu ya familia mbili ilihesabu vichwa na ikasahau kwamba ndani ya kundi kuna haki za watu tofauti. Mpango wowote wa kununua mifugo kabla ya ukame unapaswa kuanza na madume na kuwaacha majike wanaokamuliwa, na eneo la malisho likiandikiwa hatimiliki ya kimila ya kikundi, majina ya wanawake yawe ndani ya orodha ya wamiliki tangu siku ya kwanza, si kuongezwa baadaye kwa hisani.

Kwa ndugu yetu wa Kilosa, kuhusu ng'ombe wa mjini sina ubishi, na nilipaswa kulisema mwenyewe. Lakini tazama lilivyo: amri ya kupunguza ikitoka, hao ndio wanaoweza kuikwepa, na anayebaki kuitekeleza ni yule mwenye ng'ombe 10. Nchi ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo tangu mwaka 2010, na hereni za kielektroniki zimekwisha kuvalishwa mifugo mingi, huku wafugaji wengi wakinung'unika kwamba wanalipishwa kitu wasichokiona faida yake. Zingeanza kuwa na faida siku ambayo msomaji wa hereni shambani mwako angepata jina la mwenye mali halisi badala ya kumkamata kijana mwenye fimbo.

Kuhusu kumpimia kila mfugaji kipande chake, jambo hilo limekwisha kujaribiwa jirani. Kenya ilipitisha mwaka 1968 sheria ya ranchi za vikundi, yaani ardhi inayomilikiwa na wafugaji kwa pamoja, na baadaye huko Kajiado ranchi nyingi ziligawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Kila mmoja akapata hati, na wengi wakagundua kwamba mvua haifuati mipaka ya hati: mwaka huu imenyesha kwa jirani, na wewe umefungiwa na uzio. Wengine waliuza vipande vyao, wengine wakaanza kukodishiana nyasi, maana yake wakarudia kuhama kwa njia ya gharama zaidi. Ongezeko la watu ulilolitaja ni la kweli, na kwa maoni yangu ndilo linalofanya ugawaji huo uwe wa hatari, kwa sababu kipande kidogo katika nchi kavu hakitoshi hata ng'ombe wachache mwaka mvua inapokosekana.

Hapa nchini, wilayani Kiteto, wamefanya kitu kingine. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipanga matumizi ya ardhi kwa pamoja, vikaunganisha malisho yao kuvuka mipaka ya vijiji, na eneo hilo likapewa jina la OLENGAPA kutokana na majina yao. Mashamba yakabaki mashamba, malisho yakapata wenyewe wenye hati, na mkulima akijua ni kamati ipi ya kuishtaki. Sidai kwamba mfano huo unahamishika ulivyo hadi Kilosa, ambako mashamba na malisho yamechanganyikana vibaya zaidi na damu imekwisha kumwagika.

Kupunguza mifugo kwenyewe sikukatai. Nasema kuje baada ya malisho kuwa salama na kuambatane na bima ya kuchukua nafasi ya ile ya vichwa. Marsabit, Kenya, mwaka 2010 ilianzishwa bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho, ikilipa unaposhuka chini ya kiwango, bila kusubiri mizoga ihesabiwe. Ina kasoro inayojulikana: setilaiti inaweza kuona kijani mahali ambapo ng'ombe wako wanakufa, na usilipwe. Hata hivyo fedha ikifika mapema hununua majani na dawa wakati ng'ombe bado anasimama, na mwenye uhakika wa kulipwa anaweza kuanza kufikiria kubaki na 40 badala ya 100.

Atakayechangia baada yetu, kama anatoka katika kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi, naomba atueleze malisho yaliandikwa hekta ngapi siku mpango ulipopitishwa, yamebaki ngapi leo, na zilizopungua amepewa nani.