Naomba ushauri: watazamaji wangu wanasema Macbeth karogwa, nifanyeje?

Mkono wa Kushoto (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina kikundi kidogo cha maigizo huku Temeke, tuko tisa tu, tunaandaa Macbeth, ile tamthilia ya Shakespeare, kwa Kiswahili. Mazoezi tunafanyia uani kwa mwenzetu mmoja, na majirani wanakuja kutazama, wengine wamekalia ndoo, wengine na watoto mgongoni. Jumamosi ndiyo tulipitia igizo zima kwa mara ya kwanza.

Shida imeanzia kwa wale wachawi watatu. Wametokea tu na kumwambia Macbeth kwamba atakuwa mfalme, mama mmoja anayeuza vitumbua akapaza sauti: "Kesharogwa huyo!" Basi, hukumu ikapita palepale. Kamuua mfalme Duncan, mgeni wake, kwenye usingizi: karogwa. Kakodi watu wamuue rafiki yake Banquo: karogwa. Katuma wakamalize mke na watoto wa mpinzani wake Macduff, hapo nilijua watanichukia, namsikia mzee anasema, "Masikini, uchawi mbaya sana." Mimi ndiye Macbeth. Natoka jasho kuonyesha mtu anayetafunwa na dhamira yake, wao wananihurumia kama mgonjwa!

Mwongozaji anataka wachawi wafutwe kabisa. Mimi roho inakataa. Wajuzi nisaidieni. Kejeli ruksa, matusi hapana.

Fundi Saa
Futa. Weka meseji kutoka namba ngeni: "Wewe utakuwa mfalme." Kazi imeisha.

Mkono wa Kushoto
Halafu chini yake "ile hela itume kwenye namba hii", siyo? 😂

Kijiti
Kwanza huyo mtu mnamsingizia. Macbeth wa kweli alimuua Duncan vitani mwaka 1040, akatawala Uskoti mpaka 1057. Mambo ya kuchoma mgeni kisu usiku ni utunzi wa watu.

Mkono wa Kushoto
Mkuu, huo ni uzi mwingine.

Mwalimu Mstaafu
Hamjambo vijana. Tamthilia hii niliisoma kwanza katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, nikaja kuifundisha hadi nikachoka nayo. Msiwafute. Mnadhani watazamaji wa kwanza kule London, mnamo 1606, hawakuamini uchawi? Mfalme wao James alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya mambo hayo mwaka 1597, na mwaka 1604 ikapitishwa sheria mpya ya kuwaadhibu wachawi. Kwa hiyo imani ya mama wa vitumbua siyo kikwazo. Kuna kitu mmekiondoa. Ile sehemu ya baharia mmeiacha?

Mkono wa Kushoto
Shikamoo mwalimu. Tumeikata, ilikuwa inarefusha.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Mmekata kiungo chenyewe. Mchawi amenyimwa kokwa na mke wa baharia, sasa anapanga kumtesa mume aliyesafiri kwenda Aleppo. Atamnyima usingizi, atamkausha kama jani kavu. Lakini anakiri kwa kinywa chake kwamba chombo hakiwezi kuzama, kitapigwa na tufani tu. Uwezo wao unaishia hapo. Wakija kwa Macbeth wanamwambia atakuwa mfalme. Neno "ua" halimo! Hilo kalitoa mwenyewe, na mapema, maana Banquo anamwuliza mbona unashtuka kwa habari njema.

Na huyo Banquo mmempa nani?

Mkono wa Kushoto
Kijana mpya. Maneno yake nayo tumeyapunguza…

Mwalimu Mstaafu
Lo! Banquo aliwasikia wachawi walewale, siku ileile. Kaambiwa uzao wake utatawala. Usiku wa mauaji naye hapati usingizi, anaziomba nguvu za mbinguni zimzuilie mawazo mabaya. Yaani naye tamaa imempitia. Mrudishieni dua yake, na mtu aione kabla hujashika kisu.

Chausiku wa Tandika
Mwalimu kamaliza upande wa mume, mimi nasemea mke wa Macbeth, aliyemchochea amuue Duncan. Niliwahi kucheza nafasi hiyo chuoni. Kaka, yule mama anaomba giza nene lije limfiche, halafu mwishoni anatembea usingizini na mshumaa, na yule mtumishi wake anasema taa haitoki kando yake, ni amri yake. Mwigizaji wako aushike huo mshumaa kama sisi tunavyoushika umeme ukikatika na uko peke yako.

Na maji. Baada ya mauaji anasema maji kidogo tu yatatusafisha. Mpe beseni, anawe harakaharaka kama mtu aliyemaliza kula ugali. Kwenye usingizi usimpe maji kabisa, asugue mikono mitupu. Akifika "manukato yote ya Uarabuni" asiharakishe, maana huko nyuma ya jukwaa mtakuwa mmeshachoma udi tangu mwanzo wa onyesho, harufu imejaa, na yeye bado ananusa damu. Watu wetu wanajua udi unafukiza nini.

Fundi Saa
Dada, hapo umenitisha.

Mkono wa Kushoto
MREJESHO. Tumerudisha baharia na dua ya Banquo, jumla ni kama dakika nne tu. Udi tulichanga, tukanunua Kariakoo. Jana tumepitia tena. Mama wa vitumbua alianza na "kesharogwa" yake kama kawaida. Banquo akasimama, akaomba, akaondoka. Mimi nikabaki na kisu changu cha hewani, kile Macbeth anachokiona mbele yake kabla ya kuua. Uani kimya. Halafu nikamsikia anamwambia jirani yake, kwa sauti ya chini: "Mwenzie si kaomba dua? Huyu je?"

Nilisahau mstari wangu, wakuu. Ikabidi ninong'onezwe.

Sasa limebaki moja. Kwa wachawi Macbeth anaambiwa hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru. Macduff anaposema hakuzaliwa na mwanamke, alitolewa tumboni kabla ya wakati, uwanja mzima unacheka. Jana binti mmoja kanyoosha mkono: "Hata mimi nimezaliwa kwa kisu, nami nikuue?" Hapo nafanyaje?