Naombeni ushauri: mfadhili anataka jumuiya yetu ya historia ya utoto ibadili jina

Katibu_Kata:
Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni katibu wa kijumuiya cha watu wanaosoma historia ya utoto. Mkicheka sishangai, hata nyumbani walicheka: "Utoto nao una historia?" Unayo. Nani aliitwa mtoto, alianza kazi lini, alicheza nini, nani alimfunza, nani alimuuza. Tulianza miaka mitano iliyopita, walimu wawili wastaafu, wanafunzi wa uzamili wachache na mkutubi mmoja. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtu mmoja anasoma makala yake, tunamchambua bila huruma, halafu chai na mihogo. Kwenye daftari tupo 41. Waliolipa ada ya mwaka huu (30,000) ni 9, na mimi nimo.

Kuna kikao kimoja ndicho kinachonifanya nisiache ukatibu. Dada mmoja alisoma kuhusu wavulana wa Kiungani, Unguja, watoto waliotolewa utumwani wakasomeshwa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza. Waliandika wenyewe habari za maisha yao, mmisionari A. C. Madan akazitafsiri kwa Kiingereza, zikachapishwa London mwaka 1887. Alipomaliza akatuuliza: "Mtoto akishauzwa mara tatu, siku yake ya kuzaliwa anaitunza nani?" Mzee mmoja akaweka kikombe chini na hakukigusa tena.

Sasa shida. Shirika moja la kutetea haki za watoto (silitaji) limetupenda. Litatugharamia miaka miwili: chumba cha ofisi, kompyuta, kongamano. Masharti yao ni jina liongezwe "na Haki za Mtoto", tukatoe mafunzo wilayani, na kila robo mwaka tupeleke idadi ya "wanufaika". Mwenyekiti, ambaye ndiye mwanzilishi, anataka tukubali na tuanzishe jarida hapohapo. Mimi nahofia mwaka ukiisha tutabaki na fulana na kofia, makala hamna. Isitoshe, hatujasajiliwa popote. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Mtoto_wa_Mjini:
Mkuu pokea mzigo. Wanufaika si hao wanaokunywa chai na mihogo? Wahesabu, peleka ripoti, maisha yasonge.

MhaziniMstaafu:
Wa juu yangu asikupoteze, ripoti za namna hiyo huwa zinarudi kukudai.

Nimeshika hazina ya chama cha kitaaluma kwa miaka 11. Kinachowaumiza nyinyi ni ada, huyo mfadhili ameikuta njaa tu. Watu 9 kati ya 41! Mtu halipi kwa sababu haoni tofauti kati yake na aliyelipa, wote chai yao moja. Wekeni kwamba asiyelipa hapigi kura wala hapangiwi zamu ya kusoma makala. Mwanafunzi alipe 10,000. Na acha kuwadai kwenye grupu mbele za watu, wanaona aibu na wananyamaza jumla. Mfuate mmoja mmoja pembeni. Akituma kwa simu, risiti aipate siku hiyohiyo. Pesa nayo isilale kwenye namba ya katibu, fungueni akaunti yenye watia saini watatu, wawili watoshe kutoa.

Jarida msithubutu kwa sasa. Wamarekani walianzisha jumuiya yao ya historia ya watoto na vijana 2001, jarida lao likaanza kutoka 2008. Miaka saba, na wale wana vyuo nyuma yao. Programu ya kuliendeshea si tatizo, Open Journal Systems ni ya bure. Kazi ni kumpata msomi akae na mswada wa kurasa 30 bila posho, aurudishe na maoni ya maana, kwa wakati, mwaka hadi mwaka. Toleo la kwanza mtalitoa kwa mbwembwe, la pili litachelewa, la tatu mtaliombea dua. Chagueni makala nane zilizoiva, mtoe kitabu kimoja chembamba.

Halafu mwenyekiti ana muhula wa miaka mingapi? Hukusema.

Katibu_Kata:
Katiba haina ukomo. Tulisahau kuweka. Niseme kweli, hatukusahau, tuliona haya, maana vikao vya mwanzo vilifanyika sebuleni kwake.

Sheria_Kijiweni:
Kama kazi yenu ni kusoma na kujadiliana, nendeni kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkianza kuzunguka wilayani na fedha za mradi, hiyo sasa ni kazi ya NGO: sheria yake ni ya 2002, msajili wake mwingine, na ripoti za kila mwaka juu. Kwa hiyo hilo jina msilichukulie kama mapambo ya barua, ndilo litakaloamua mpange foleni dirisha gani. Ukomo wa uongozi uingizeni kabla katiba haijapelekwa, kwani ukitaka kubadili baadaye unarudi kwa msajili. Kama mna tawi Zanzibar, kule usajili wao ni wa kwao.

Bi_Mkunazini:
Assalaam alaykum. Nimefurahi kuiona Kiungani ikitajwa, ila nitakupinga kidogo, mwanangu katibu. Hao watu wa haki usiwakimbie. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikamruhusu msichana wa miaka 15 aolewe. Bibi yangu yeye angekwambia mwari akishachezwa unyago hesabu imefungwa, si mtoto tena. Wao wanaishika hiyo ya kwanza tu. Nendeni mkawaeleze hizo nyingine zilitoka wapi, kwa mihadhara, na jina lenu mbaki nalo.

Jengine, musiandike watoto wa misheni peke yao kwa kuwa ndio wenye makaratasi. Mtoto aliyekwenda chuoni kusoma Kurani aliuandika ubao wake, akauosha, akauandika tena. Huyo faili hakuacha. Kamuulizeni bibi aliye hai. Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani zipo, zitawangoja. Bibi hatongoja.

Wa_Limuru:
Salamu kutoka Kenya. Bi Mkunazini amesema kweli, lakini mkienda kuhoji wazee mwe waangalifu. Sisi tulimrekodi mzee mmoja aliyechuma majani chai akiwa mdogo. Alikubali vizuri tu. Baadaye kipande kikasambaa WhatsApp, watoto wake wakakasirika kwamba tumewaanika umaskini. Siku hizi naomba ruhusa mara mbili, ya kurekodi, na ya kusambaza baada ya mzee kujisikiliza. Hapa kwetu sheria ya kulinda data ni ya 2019, kwenu Tanzania ya 2022. Picha za zamani za shuleni pia, msizitupie tu mtandaoni.

Katibu_Kata:
Mrejesho, wakuu. Nimeliandikia shirika: mihadhara mitatu ya wazi kwa mwaka, gharama za ukumbi na nauli za wasemaji juu yao, jina halibadiliki, wanufaika hatuhesabu. Bado kimya. Aliyejibu ni mwenyekiti: "Umeniruka." Na kweli nilimruka, barua niliituma bila saini yake. Hapo nimekosea, kesho jioni naenda kwake kuomba radhi.

Ada: nimewafuata watu pembeni wiki nzima, sasa tumefika 16. Jumamosi ajenda ya kwanza ni ukomo wa uongozi.

MhaziniMstaafu:
Ya kwanza iwe kusoma daftari la ada. Wenye haki ya kupiga kura wajulikane kwa majina kabla hujalitamka neno ukomo. Na kwa mwenyekiti nenda leo, usingoje kesho.